Programu ya kitabuni inakataa kufanya kazi: mwongozo kamili wa kurekebisha makosa ya sintaksia

Umenakili programu kutoka kitabuni herufi kwa herufi, umebonyeza kitufe cha kuendesha, na badala ya jibu umepata maandishi mekundu. Wanafunzi wengi hapa Unguja na Pemba hukwama pahala hapa hapa, kisha hulaumu kitabu, hulaumu kompyuta, au hufuta kila kitu na kuanza upya. Kuanza upya hakusaidii. Aliyekosea mara ya kwanza bila kujua wapi, hukosea tena pale pale.

Mwongozo huu ni wa lugha ya Python, kwa sababu ndiyo wanayoanza nayo wengi. Kosa la sintaksia maana yake Python imeshindwa hata kuisoma programu yako. Haijaanza kazi. Ni sawa na barua iliyokosewa vituo na mabano mpaka msomaji hajui sentensi inaishia wapi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Python 3.10 au toleo jipya zaidi. Si suala la fasheni: kuanzia 3.10, iliyotoka mwaka 2021, ujumbe wa makosa uliandikwa upya na unasema wazi zaidi kilichokosekana. Matoleo ya zamani mara nyingi husema tu `invalid syntax` na kukuacha.
- Kihariri kinachoonesha namba za mistari. IDLE inakuja pamoja na Python kwenye Windows na inatosha kabisa. Namba ziwashe kwenye menyu ya Options, Show Line Numbers.
- Kitabu chenyewe, na mwaka wa chapa yake. Uko ukurasa wa haki miliki, mwanzoni.
- Kipande cha karatasi ngumu au rula ya kuwekea chini ya mstari unaousoma.
- Penseli.

Usiandikie programu kwenye Microsoft Word. Word hupinda alama za nukuu ili zipendeze, na Python haizijui alama zilizopinda. Wala usipokee programu kama maandishi ya WhatsApp, kwa sababu WhatsApp hutumia nyota na vistari vya chini kukoleza na kulaza maneno. Mwenzako akutumie faili.

Kama una simu tu, Pydroid 3 kwenye Android inafaa kujifunzia, lakini zima kwanza herufi kubwa za kujiandikia na masahihisho ya kibodi. Bila hivyo `if` itageuka `If` mwanzoni mwa mstari bila wewe kuona, na Python huzihesabu hizo kuwa ni maneno mawili tofauti.

Neno kuhusu fotokopi. Vitabu vingi vinavyozunguka maskulini ni kopi ya kopi. Kila inapopita mashineni, nukta na koma zinafanana zaidi, na kistari cha chini humezwa na ukingo wa mstari. Ukiona jina lenye pengo katikati, mfano `bei ya_pishi`, basi karibu hakika palikuwa na kistari cha chini hapo: `bei_ya_pishi`. Jaza kwa penseli kabla ya kuanza kuandika.

## Programu ya mazoezi

Tutatumia programu hii moja mpaka mwisho. Inahesabu malipo ya wachumaji wa karafuu kwa pishi. Bei ni ya mfano tu.

```
pishi = [6, 9, 4]
bei = 2500
jumla = 0

for p in pishi:
    malipo = p * bei
    if malipo > 20000:
        print("Malipo makubwa:", malipo)
    jumla = jumla + malipo

print("Jumla ya kulipa:", jumla)
```

Iandike, ihifadhi kwa jina `wachumaji.py`, kisha bonyeza F5. Jibu sahihi ni hili:

```
Malipo makubwa: 22500
Jumla ya kulipa: 47500
```

Ukilipata, endelea. Usipolipata, tayari una kosa la kufanyia mazoezi.

## Hatua ya 1: Hakikisha kitabu na kompyuta vinasema Python moja

Fungua IDLE, mstari wa kwanza kabisa unataja toleo. Kwenye dirisha la amri la Windows andika `py --version`, na kwenye Linux `python3 --version`.

Sasa kitazame kitabu. Ukiona `print "Habari"` bila mabano, kitabu hicho ni cha Python 2, na Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Kompyuta yako itajibu hivi:

```
SyntaxError: Missing parentheses in call to 'print'. Did you mean print(...)?
```

Hapo hukukosea kunakili. Umenakili vizuri kitu kilichokufa. Weka mabano: `print("Habari")`. Dalili nyengine za kitabu cha zamani ni `raw_input`, ambayo sasa ni `input`. `xrange`, ambayo sasa ni `range`. Na alama `<>`, ambayo sasa ni `!=`.

Programu moja au mbili zinarekebishika. Kama kitabu kizima ni cha Python 2, tafuta kitabu chengine. Anayeanza hana sababu ya kujifunza lugha na kuitafsiri kwa wakati mmoja.

## Hatua ya 2: Andika kidogo, kagua, hifadhi

Usiandike kurasa mbili ndipo ubonyeze F5. Andika mistari mitano mpaka kumi, kisha kwenye IDLE bonyeza Alt+X. Amri hiyo inakagua sintaksia bila kuiendesha programu. Ikikaa kimya, umefaulu. Ikilalamika, unajua kosa liko ndani ya mistari michache uliyoiongeza sasa hivi, si kwenye mistari mia.

Simama kwenye mstari uliokamilika. Ukikagua ukiwa umeishia kwenye `for p in pishi:` bila kitu chini yake, utapata kosa ambalo si kosa.

IDLE itakutaka uhifadhi kabla ya kukagua, nayo ni faida kwako: umeme ukikatika utapoteza mistari mitano tu.

Kuna vitu vimo kitabuni lakini havinakiliwi:

- `>>>` na `...` mwanzoni mwa mistari. Ni alama za dirisha la Python, si sehemu ya programu.
- Namba za mistari za pembezoni.
- Mshale mdogo unaoashiria kwamba mstari ulikuwa mrefu ukakatwa.
- Majibu yaliyochapwa chini ya programu.

Mshale huo unataka uangalifu. Upana wa ukurasa ndio uliomlazimisha mchapaji kuukata mstari; Python haina habari ya ukurasa. Ukikata mstari katikati ya maneno yaliyo ndani ya nukuu, utaambiwa `unterminated string literal`, yaani nukuu imefunguliwa na mstari umeisha haijafungwa. Uunganishe uwe mstari mmoja, hata ukitoka nje ya skrini.

## Hatua ya 3: Soma ujumbe kuanzia chini kwenda juu

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa wanaona wekundu na hawasomi. Ondoa nukta pacha (`:`) mwisho wa mstari wa 7 katika programu yetu, kisha iendeshe kwenye dirisha la amri kwa `py wachumaji.py`. Utapata mfano wa hivi (njia ya faili nimeifupisha):

```
  File "wachumaji.py", line 7
    if malipo > 20000
                     ^
SyntaxError: expected ':'
```

Anza mstari wa mwisho. Neno la kwanza linataja aina ya kosa, na baada yake kuna maelezo: ilitarajiwa nukta pacha. Panda juu: kishale `^` kinaonesha Python ilipokwama. Panda tena: ni mstari wa 7. Kwenye IDLE utapata kisanduku chenye maelezo hayo, na pahala penyewe patapakwa rangi nyekundu.

Kanuni ya kushika: kishale kinaonesha Python ilipokwama, na hapo si lazima pawe ndipo ulipokosea. Kosa liko hapo au kabla ya hapo. Jaribu kufuta `]` mwisho wa mstari wa 1. Toleo la kabla ya 3.10 litakunyooshea kidole mstari wa 2, kwenye `bei`, ambao hauna kasoro yoyote. Sababu ni kwamba mabano yakiwa wazi Python huhesabu kuwa orodha inaendelea mstari unaofuata, na ndani ya orodha ikakuta kitu isichokitarajia. Matoleo mapya yatakwambia `'[' was never closed`, au pengine yatauliza kama umesahau koma. Kwa hiyo mstari uliotajwa ukiuona mzima, kagua ulio juu yake, kisha ulio juu ya huo.

Jambo la pili ni hili: Python hutaja kosa moja tu la sintaksia kwa wakati mmoja, la kwanza inalokutana nalo. Ukilirekebisha la mstari wa 7, laweza kutokea la mstari wa 11. Anayeanza akiona hivyo hudhani ameharibu zaidi, anarudisha alichokisahihisha, na hapo ndipo mambo yanapochanganyika kweli. Namba ya mstari ikisogea chini, umepiga hatua.

Rekebisha kitu kimoja. Kagua. Ndipo ushike chengine.

## Hatua ya 4: Litambue kosa kwa sura yake

### Nukuu, na ritifaa ya Kiswahili

Vitabu vya Kiingereza hutumia nukuu moja na nukuu mbili bila kujali, na kwa mifano yao haina neno. Sisi tukibadilisha maneno yawe ya Kiswahili tunajikwaa:

```
print('Bei ya ng'ombe')
```

Python inaiona nukuu ya kwanza imefungwa baada ya `ng`. Kilichobaki, `ombe`, hakina maana kwake, na nukuu ya mwisho inaonekana kama imefunguliwa upya. Utaambiwa `unterminated string literal`. Dawa ni kutumia nukuu mbili kwa nje:

```
print("Bei ya ng'ombe")
```

Fanya iwe desturi: maneno yote ya Kiswahili yaingie ndani ya nukuu mbili. Hutapata tabu na ng'ambo, ng'onda wala mng'aro.

### Mabano

Hesabu yanayofunguka na yanayofunga kwenye mstari. Hesabu lazima zilingane, na kila aina ifungwe na ya aina yake: `(` na `)`, `[` na `]`. Fotokopi mbovu huvifanya vifanane. Kwenye IDLE weka kishale cha kuandikia karibu na bano kisha bonyeza Ctrl+0. Kihariri kitapaka rangi sehemu iliyozungukwa nalo. Rangi ikikimbilia mistari ya chini isiyohusika, bano halijafungwa.

### Nukta pacha, na alama ya usawa

Mistari inayoanza na `if`, `elif`, `else`, `for`, `while`, `def` na `class` hutaka nukta pacha mwishoni. Ukiisahau, toleo jipya linakwambia waziwazi.

Kwenye `if`, kulinganisha ni alama mbili za usawa, `==`. Katika chapa iliyofifia mbili huonekana moja. Ukiandika `if malipo = 20000:` Python itakuuliza kama ulikusudia `==`. Jibu karibu siku zote ni ndiyo.

### Kujongeza mistari

Katika lugha nyingi nafasi za mwanzo wa mstari ni pambo. Katika Python ndizo zinazosema mstari upi uko chini ya upi. Kiwango ni nafasi nne kwa kila ngazi.

Ukiisogeza `print` ya mstari wa 8 ikae sawa na `if`, utapata:

```
IndentationError: expected an indented block after 'if' statement on line 7
```

Maana yake `if` haina kitu ndani yake. Ukiuweka mstari wa 9 kwa nafasi tatu badala ya nne, ujumbe ni `unindent does not match any outer indentation level`: umerudi nyuma lakini hukusimama kwenye ngazi yoyote iliyopo. Na ukiona `TabError`, umechanganya kitufe cha Tab na nafasi za kawaida. Kwa macho zinalingana, kwa Python hazilingani. Kwenye IDLE chagua programu yote kwa Ctrl+A, kisha menyu ya Format, Untabify Region, ukubali namba 4.

Mtego mkubwa uko pale programu inapokatwa na ukurasa. Kurasa mbili hazina ukingo mmoja, na jicho hupoteza ngazi. Weka karatasi yako ngumu wima kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa wa kwanza, tia alama ya penseli kwenye ngazi, kisha ihamishie ukurasa wa pili.

Tena, kujongeza vibaya kunaweza kupita bila ujumbe wowote. Usogeze mstari wa 9 ndani zaidi, nafasi nane, uwe chini ya `if`. Programu itakubali, lakini jumla itakuwa 22500 badala ya 47500, kwani sasa inajumlisha malipo makubwa peke yake. Urudishe ulipokuwa, kisha usogeze mstari wa 11 ndani kwa nafasi nne, na jumla itachapwa mara tatu: 15000, 37500, 47500. Kosa la namna hii ni baya kuliko la wekundu, maana mchumaji wa pishi sita na wa pishi nne wanakosa haki yao na skrini iko kimya.

### Herufi zisizo za kibodi

Hizi huja na programu iliyonakiliwa kutoka PDF:

```
SyntaxError: invalid character '“' (U+201C)
```

U+201C ni nukuu iliyopinda. U+2013 ni kistari kirefu kilichokaa pahala pa alama ya kutoa. U+00A0 ni nafasi isiyo ya kawaida, na hiyo huioni kabisa: Python itaiita `invalid non-printable character`. Zote dawa yake moja: futa pahala hapo na uandike upya kwa kibodi. Nafasi zikiwa nyingi, futa nafasi zote za mwanzo wa mstari.

Aidha, kuna herufi pacha: `l` na 1, `O` na 0. Ukiandika `1en(pishi)` kwa tarakimu 1 badala ya herufi `l`, utapata `invalid decimal literal`.

### Namba zenye koma na sifuri

Tumezoea kuandika Sh 2,500. Python haitaki koma hiyo. `bei = 2,500` haitoi kosa la sintaksia, bali inakuwa namba mbili, 2 na 500, na programu itaanguka mbele, kwenye mstari wa 7. Lakini `bei = 2,050` inakataliwa papo hapo, kwa sababu 050 ni namba inayoanza na sifuri: `leading zeros in decimal integer literals are not permitted`. Ukitaka namba isomeke kwa urahisi andika `2_500`.

Namba za simu nazo ni hivyo hivyo. Yoyote inayoanza na 07 iweke ndani ya nukuu. Hujumlishi namba za simu, basi hakuna haja ziwe namba.

## Hatua ya 5: Kosa likijificha, igawe programu

Umekagua yote na bado. Chagua nusu ya chini ya programu, bonyeza Alt+3, na IDLE itatia `##` mbele ya kila mstari ili Python iruke. Kagua kwa Alt+X. Likitoweka, kosa limo nusu ya chini. Likibaki, limo nusu ya juu. Rudisha mistari kwa Alt+4, kisha igawe tena nusu yenye kosa. Programu ya mistari 64 inafikia mstari mmoja kwa kugawa mara sita.

Usikate katikati ya `for` au `if` ukaiacha bila kitu ndani, utazua kosa jipya. Ikilazimu, weka neno `pass` ndani yake.

Ukishaupata mstari, usiusome kama sentensi. Usome kuanzia kulia kwenda kushoto, alama moja moja, huku mwengine akikufuatia kitabuni. Ukiusoma kwa kawaida, ubongo unajijazia kinachokosekana.

## Hatua ya 6: Hakikisha kweli imepona

Alt+X ikikaa kimya, sintaksia ni nzima. Sasa bonyeza F5 na ulinganishe jibu lako na la kitabuni, tarakimu kwa tarakimu.

Wekundu ukirudi ukiwa na neno jengine, kama `NameError: name 'Print' is not defined`, hilo si kosa la sintaksia tena. Python imeweza kuisoma programu, ikaanza kazi, ikakutana na jina isilolijua. Hapa ni herufi kubwa tu.

Na ukiamua kuomba msaada, peleka vitu vinne: faili lenyewe la `.py`, ujumbe wote wa kosa kama maandishi, toleo la Python, na ukurasa wa kitabu. Picha ya skrini iliyopigwa upande upande gizani haimsaidii mtu, kwani koma na nukta ndizo za kwanza kupotea.